Mrushaji wa Mechi Zote

Mwaka 2017, katika klabu yetu ya besiboli pale Midrand, Afrika Kusini, hakuna mrushaji aliyeingia uwanjani mechi nyingi kuliko mimi. Nalisema kwa majivuno kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kunisemea. Mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo, na mimi natumia mkono wa kushoto. Wapigaji wa kushoto hupata taabu na mipira ya mashoto mwenzao, kwa hiyo kila alipojitokeza mmoja wa kutisha, kocha aliniita. Namtupia huyo mmoja, narudishwa benchi. Hata huko Marekani, wanaoongoza kwa kuonekana katika mechi nyingi za msimu huwa watu wa namna yangu: wanaingia mechi ikiwa imekolea, wanatoka kabla hawajatokwa jasho.

Mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, hakuamini hata neno moja. Yeye ndiye aliyekuwa akinifulia, na suruali yangu ya mechi ilirudi kila Jumamosi ikiwa nyeupe pepe.

"Baba, mtu anacheza mpira kutwa nzima harudi na vumbi?" aliniuliza. "Sema unakokwenda."

Iliniuma. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi yangu ya kupanga safari za malori ya mizigo, lakini nilitaka mama yangu anione nikirusha mpira, basi. Jumamosi ya mwisho kabla hajaondoka, nikamchukua.

Alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia yangu ya jua juu ya kanga, chupa ya chai miguuni. Aliwatazama wenzangu kwa subira ya mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Adhuhuri ilipoingia, akabeba mkeka wake akaenda kuswali nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Nadhani hajamaliza hata rakaa ya kwanza, kocha akanipungia mkono.

Mpigaji alikuwa jamaa mwenye mabega kama kabati. Akapiga hewa, akapiga hewa tena, akapiga hewa ya mwisho, akatolewa. Wenzangu wakanipigapiga mgongoni, nikarudi benchi. Mama akatokea akikung'uta mkeka.

"Unaingia saa ngapi?"

"Nimeshatoka, mama."

Akamwendea kocha moja kwa moja, mimi nyuma yake nikitafsiri kwa aibu. "Mwanangu kakosa nini? Mrudishe!"

"Eish, mama," kocha alisema, akaeleza kwamba aliyetolewa harudi, ndiyo sheria, na kwamba hakuna aliyeingia mechi nyingi kunizidi.

"Kama ni hodari hivyo, mbona mnamtoa upesi?"

Hilo sikulitafsiri. Nami nilikuwa nikijiuliza vilevile.

Mechi ilipokwisha, nikamwomba yule jamaa wa mabega asimame tena, nimtupie mpira mmoja tu, mama aone. Akacheka. "Sharp," akasema, yaani sawa, akachukua gongo. Mama akavuta kiti mpaka kwenye wavu. Nikajikunja, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Jamaa akaupiga. Mpira ukapaa juu ya uzio wa uwanja, ukavuka barabara, ukapotelea kwenye maegesho ya ofisi za jirani. Ingekuwa ndani ya mechi, ningelia.

Mama akapiga vigelegele, akaja mbio kunikumbatia. "Mwanangu! Umeutupa mbali vile?"

Jamaa akaniuliza mama anasema nini. Nikamwambia anakusalimu.

Jioni nilimsikia mama akiongea na dada yangu kwenye simu, akimwambia kwamba mpira wangu ulivuka barabara. Sikuingilia. Ulivuka kweli.