Samadi ya Ng'ambo ya Bonde

Juzi pale Mingoyo harufu ya mabibo ya mikorosho yaliyooza ilinipandisha hasira. Ndiyo iliyojaa uani kwetu utotoni, siku mtaalamu wa mradi alipomaliza kutujengea mtambo wa gesi ya kupikia itokanayo na samadi. Ng'ombe hatukuwa nao; zizi la karibu lilikuwa ng'ambo ya bonde.

"Bwana mtaalamu, haya mabibo hayafai kutiwa mtamboni?" mama aliuliza. "Si yanaoza hapa hapa mlangoni?"

"Mama, mradi umeandikwa samadi."

Basi kila asubuhi mama alivuka bonde na ndoo kichwani, tope la samadi likimchuruzika shingoni, ilhali kuni zimejaa nyuma ya nyumba.

Wageni wa mradi wakaja kupiga picha za jiko la gesi.

"Mradi umekupunguzia kazi, mama?" mmoja akauliza.

Mtaalamu akamjibia: "Sana."

Mama akajikanda shingo.