Mtaro wa Upande wa Wifi

Mpaka leo nikipita kwenye ile kona, macho yangu huenda yenyewe kuutazama mtaro wa wifi. Umejengwa kwa zege, una vifuniko, na jioni wanawake wa mtaa ule hukaa juu ya vifuniko hivyo wakichambua mchele. Wifi hukaa katikati yao. Sitaki kumsingizia kwamba anaringa. Anakaa tu, kavu, na hilo peke yake linatosha kuniharibia siku.

Tulikuwa tunaishi mitaa miwili inayopakana, nyuma ya Kariakoo, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda bonde la Jangwani. Mimi na mama tulibaki kwenye nyumba ya marehemu baba. Kaka alipooa akahamia kwenye nyumba ya wakwe zake, ng'ambo ya kona. Masika yakiingia tulilowa sote sawasawa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa vitu kutoka nje, na kila kilichonunuliwa kilitoka dukani ndani ya mfuko wa plastiki, rambo. Mifuko ikajaa kwenye mifereji yetu ya udongo, maji yakakosa njia, yakaingia ndani. Chumba cha mama kilikuwa cha uani, nacho ndicho kilichotangulia kupata maji. Kitanda chake kilisimama juu ya matofali, na ukutani palikuwa na alama ya tope iliyopanda juu zaidi kila masika. Daktari alikwishaniambia kwamba kifua cha mama hakitaki unyevu. Nilichokitaka ni mtaro, mama alale pakavu, na alale kwangu.

Nasema kwangu kwa sababu wifi alikuwa ameshaanza vituko vyake. Kila Ijumaa alileta uji wa mchele wenye tui zito, na mama, ambaye chakula changu alikila kimya, uji ule aliusifu mpaka kwa majirani. Kaka naye akaanza kusema eti mama akapumzike kwake. Maneno hayo hayakuwa ya kaka. Namjua kaka yangu, hajawahi kuwaza jambo kwa mpangilio namna ile.

Basi, siku moja mwenyekiti wa mtaa akatuita wajumbe wa kamati, nami nikiwa mmoja wao. Alikuwapo kijana wa wizarani, amefunga tai kwenye joto lile. Akatueleza kwamba dunia inapata joto, bahari inapanda, mvua hazina tena adabu. Neno tabianchi tulikuwa hatujalizoea. Alisema mabadiliko ya hali ya hewa, na sisi tukaitikia kwa vichwa, maana mabadiliko yenyewe tulikuwa tunayachota kwa ndoo. Kisha akafika kwenye fedha. Serikali haina fungu lake la kujenga mitaro, akasema. Fungu linatoka kwa wafadhili, linapitia serikali kuu, linashuka wizarani, huko linalipia semina, gari na washauri, ndipo linateremka jijini. Likitufikia sisi linatosha mtaa mmoja.

"Mtaa wa mfano," akasema. "Mingine itaiga."

"Itaiga kwa kutumia nini, mwanangu?" mzee mmoja akamuuliza.

Kijana akacheka kwa adabu. Akasema wageni wa wafadhili watakuja kuutazama mtaa wetu na ule wa pili, kisha wachague.

Mgeni akija kwetu tunajua la kufanya, hatuhitaji semina. Tulizoa rambo zote mferejini, tukafukia madimbwi kwa mchanga, tukapaka chokaa mawe ya kando ya njia. Mama wa nyumba ya jirani akatoa mazulia yake ya harusi. Pilau ikapikwa. Mimi nikaingia chumbani kwa mama, nikasugua ile alama ya tope mpaka ikaisha, nikapaka chokaa ukuta mzima, nikateremsha shuka yenye marinda mpaka chini ili matofali yasionekane, nikafukiza udi. Wangekuta uchafu wangesema nini? Hata leo sioni ningefanya nini tofauti.

Watu wa mtaa wa wifi waligombana kuhusu nani anunue nyama, wakaishia kutofanya lolote. Tuliwacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wageni wakaja, mwanamume mmoja Mzungu na wenzake, kijana wa wizarani akiwatafsiria. Wakala, wakasifu. Wakaomba kuona ndani, nikawapeleka moja kwa moja kwa mama.

"Shikamoo bibi," yule kijana akasema. "Masika yanawasumbua?"

"Marahaba, baba. Hatujambo, tunashukuru Mungu."

"Maji hayaingii humu?"

"Yakiingia hutoka," mama akasema. "Karibuni chai."

Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Mama amelelewa hivyo, mgeni humtwishi shida zako hajamaliza hata kunywa chai, na walipomaliza kunywa, muda wao ulikuwa umekwisha. Wakavuka kona. Wifi akawatokea na kanga iliyolowa, ndoo mkononi. "Karibuni," akasema, "ila angalieni viatu." Yule Mzungu akakanyaga, kiatu kikabaki kwenye tope. Wakapiga picha tope, wakapiga picha kiatu, wakampiga picha wifi.

Mwenyekiti alipotuletea majibu hakutaka kukaa. Alisema wataalamu wameona mtaa wetu hauna tatizo kubwa. Tuliadhibiwa kwa usafi wetu, wenzetu wakatuzwa kwa uvivu wao.

Mtaro ukajengwa. Kila asubuhi nikienda kufungua kibanda changu cha vitenge sokoni nilipita pembeni yake, nikiomba zege lipasuke. Halikupasuka. Likaja mpaka kwenye kona, likakoma pale, mdomo wake umeelekea kwetu. Nikamngoja kijana wa wizarani.

"Mbona mmeishia hapa?"

"Mipaka ya mradi, mama. Ndivyo ilivyopitishwa."

"Na maji yanaishia wapi?"

"Hayo ni awamu ya pili. Andiko liko kwa wafadhili, tunasubiri jibu."

Masika hayakusubiri jibu. Maji yote ya mtaa wa wifi yalikusanyika kwenye mtaro wake mzuri, yakashuka kwa kasi, yakatutapikia sisi pale konani. Asubuhi moja yalipita juu ya matofali, godoro la mama likaanza kunyonya. Kaka akaja akiwa ameloa hadi kiunoni, akambeba mama mgongoni. Nilitaka kukataa, lakini mama alikuwa anakohoa, na mimi sikuwa na pakavu pa kumweka. Nikafuata nyuma na kanga zake. Kwa wifi sakafu ilikuwa kavu, kitanda kimetandikwa, uji uko motoni. Hakunisimanga hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Jua liliporudi nikakausha chumba, nikapaka chokaa tena, nikaenda kumchukua mama.

"Ngoja kwanza," akaniambia. Nikaenda wiki iliyofuata. Akaniambia ningoje.

Siku niliyokwenda tena nikiwa na chupa ya uji niliopika mwenyewe, nilikuta wageni wamekuja kuukagua mradi. Mama alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha mtaro, wifi ubavuni kwake. Kijana wa wizarani akainama.

"Bibi, wewe unakaa hapa?"

Mama alinitazama, akaitazama chupa. "Nakaa hapa," akasema. "Pakavu."

Mzungu akafurahi sana alipotafsiriwa. Wakataka picha. Wifi akamwekea mama mkono begani, na mimi nikasogea ubavu wa pili nikae na mama yangu. Kijana akanigusa kiwiko taratibu.

"Samahani, mama, tupishe kidogo. Ni picha ya wakazi walionufaika."

Nikapisha. Nilirudi nyuma hatua chache, na ndala zangu zikazama kwenye tope la upande wetu, chupa ya uji bado mkononi.