Waliopelekwa Pamba Siku ya Mtihani

Wiki iliyopita nilipita shuleni kwetu, rafiki yangu, nikitokea Bariadi mjini na begi la nakala za vyeti ambazo sijui tena nizipeleke wapi. Ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu umepakwa rangi upya, lakini maneno yale wameyarudishia palepale kwa herufi kubwa: SHULE YA KWANZA KIKATA. Mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia nilisoma hapa. "Basi na wewe ulichangia," akasema. Niliondoka, na njia nzima nikawa natunga majibu ya kumpa.

Mimi sikuchangia. Nilikuwa darasa la tano. Aliyechangia ni dada yangu, na namna alivyochangia ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Dada alikuwa darasa la saba. Tulitoka pamoja asubuhi, kila mmoja na kidumu cha maji cha shule na ukuni kwapani, tumekula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani kisha vikachemshwa, pamoja na karanga za kutwanga. Nyumbani tuliongea Kisukuma tu, kwa hiyo Kiswahili cha vitabuni dada alikisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Lakini hesabu! Ukimsomea swali kwa sauti, alikupa jibu kabla hujafunga kitabu. Kilichomshinda ni saa. Kengele ilipogongwa, yeye alikuwa bado katikati ya karatasi.

Neno la mwalimu mkuu lilikuwa wastani. Alilitamka mstarini kila asubuhi, fimbo nyuma ya mgongo. "Mmoja wenu akipata sifuri, anakula alama za wenzake," alituambia, na sisi wadogo tukawa tunaangaliana, tunamtafuta huyo mlaji.

Mtihani wa majaribio wa wilaya ukaja katikati ya msimu wa kuvuna pamba. Asubuhi hiyo mwalimu mkuu akaita kundi la wanafunzi wa darasa la saba, dada akiwemo, akawaweka pembeni. "Ninyi ndio jeshi langu," akawaambia. "Shamba la shule linawasubiri." Wakaondoka wakiimba, viroba mabegani, wakashuka korongo na kupanda ng'ambo. Dada alinipungia mkono. Nilimwonea wivu, maana sisi tuliobaki tuliamriwa tusikohoe, tusije tukawasumbua watahiniwa. Kutoka dirishani kwetu niliwaona wameinama kwenye ule weupe, na nyimbo zao zilifika mpaka chumba cha mtihani.

Shule ikawa ya kwanza kikata. Tukachinjiwa ng'ombe. Wazazi walicheza ngoma, wageni wakahutubia, mwalimu mkuu akabebwa juujuu kama bwana harusi. Jeshi la pamba lilikuwa nyuma ya jiko, likisugua masufuria kwa majivu na mchanga. Jioni dada alirudi amenifichia mfupa wenye nyama, uso unang'aa.

"Tumeshinda," akamwambia mama.

"Wewe ulipata ngapi?"

"Mimi sikufanya. Mimi nilikuwa pamba."

Mama akaacha kusonga ugali, akamtazama baba. "Mwalimu anajua kazi yake," baba akasema, na mwiko ukaanza tena kuzunguka. Hayo tu. Binti yao amefichwa shambani kama kitu cha aibu wageni wanapokuja, na mjadala ukaishia kwenye sufuria ya ugali!

Septemba ukafika mtihani wenyewe, wa taifa. Dada alikuwa na namba ya mtihani kama wenzake wote, na wiki nzima aliitaja taja kama mama anayemwita mtoto wake wa kwanza. Alifua sare, akainyoosha kwa kuiweka chini ya godoro na kuilalia. Siku moja kabla ya mtihani, jua linakuchwa, pikipiki ya mwalimu mkuu ikaingia uani.

"Mwadila, baba," akasalimia kwa heshima zote. Akapewa kigoda, akanywa maziwa yetu ya mgando mpaka chini ya kibuyu. Ndipo akasema ingekuwa vizuri binti apumzike nyumbani siku zote mbili za mtihani.

"Apumzike kwani anaumwa?" mama akauliza.

"Mama, tuelewane. Kijiji kizima kinataka tubaki juu."

"Mwalimu, mimi nina namba," dada akasema.

Mwalimu mkuu akacheka, tena kwa upole. "Namba haijibu maswali, binti yangu."

Nimeshatunga maneno mengi sana ambayo baba angeweza kuyasema pale. Alisema, "Tumesikia, mwalimu." Kisha akamsindikiza mpaka njiani.

Siku zote mbili dada alivaa sare yake na kukaa mlangoni, akimenya karanga. Mama alimwambia abadilishe nguo, hakubadilisha. Mchana wa siku ya pili tukasikia kelele barabarani. Darasa la saba walikuwa wamemaliza, na kama desturi ya wanaomaliza, walikuwa wamemwagiana maji na unga na kuandikiana majina kwenye mashati. Dada akatoka, akasimama kando ya njia na sare yake safi. Wengi walimpita mbio. Msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja akasimama, anahema.

"We, lile la mwisho la hesabu ulipata ngapi?"

Dada hakuwa ameliona swali hilo. "Arobaini na nane," akajibu bila kusita.

"Hata mimi!" Akammwagia unga wote uliobaki, akaandika jina lake begani kwa sare ile, akamshika mkono, wakakimbia.

Yule msichana alijua? Watahiniwa walikaa vyumba tofauti, pengine hakujua. Ila kama alijua, basi katika kijiji kizima, pamoja na wazee na walimu wake, ni mtoto mmoja tu aliyemtendea dada yangu haki. Nalifikiria hilo nikilala, na sipati usingizi.

Shamba la pamba la shule siku hizi ni uwanja wa mpira. Mwalimu mkuu alistaafu, akaagwa kwa sherehe na kupewa godoro. Baba huwaambia wageni kwamba watoto wake wote walifanya mtihani wa darasa la saba, na mama hapo hunyanyuka kwenda kutazama jiko. Dada ameolewa kijiji cha Kimali, ana shamba na watoto, na akikutana mnadani na watu wa rika lake husema "sisi tuliomaliza mwaka ule", nao hukubali wote.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Nikamuuliza kama anakumbuka zile siku mbili alizokaa mlangoni na sare yake. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyesoma mpaka akachanganyikiwa.

"Nikae mlangoni nina kazi gani," akasema, "na siku hizo tulikuwa na mtihani?"