Ndugu Yangu Alipoitoa Mombasa

Mama alijifungua Mombasa, nyumbani kwa bibi, akabaki huko kumaliza arobaini. Kila Ijumaa baada ya swala Baba alitupeleka kumwona. Miaka ile ya hamsini, magari yalikuwa ya kuhesabika kwetu Msambweni. La Baba, lililonunuliwa kwa jasho la kuuza mbata za nazi, lilikuwa kuukuu, lakini likipanguswa mpaka linang'aa. Alhamisi nilikuwa silali. Nilipenda kila kitu cha gari lile: harufu ya petroli, honi, hata vumbi.

Tatizo lilikuwa ndugu yangu mdogo. Gari likichanganya mwendo tu, anatapika. Safari ya kwanza alichafua kiti, iliyofuata akachafua kanzu ya Baba. Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno. Akatoa hukumu: akitapika tena ndani ya gari, atabaki nyumbani mpaka Mama arudi. Na akibaki yeye nabaki na mimi, kwani nani mwingine wa kumwangalia? Niliiona ni dhuluma tupu.

Kazi ya kutushughulisha alipewa shangazi yetu, dada yake Baba. Safari ya tatu alikaa nasi nyuma, na hata hatujatoka Msambweni akaita, "Kitendawili!"

Tukaitikia, "Tega!"

Vitendawili vyake alivitunga papo hapo kwa kutazama dirishani. "Anakuja mbio kunilaki, nikimfikia hasimami." Alikuwa mnazi wa kando ya barabara. Tukishindwa alidai mji, kama ilivyo ada, na akipewa mji lazima ajisifu kwanza ndipo atoe jibu. Tulimpa Gazi, akaenda Gazi, akatandikiwa mkeka mpya, akaletewa kaimati, watu wakagombania kumpepea. Tukampa Mwabungo, tukampa Ukunda. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kila nilipomchungulia ndugu yangu, naye alikuwa akicheka, uso hauna jasho, hana dalili ya kichefuchefu. Furaha yangu haikuwa na mfano.

Tulipofika Tiwi mambo yakageuka. Ndugu yangu alishindwa, na kwa kuwa alitaka kutoa mji mkubwa kuliko yote niliyotoa mimi, akasema, "Mombasa."

Shangazi aliupokea kwa mikono miwili. Akajisifu kwamba Mombasa nzima imemfungulia milango, na tangu leo hakuna wa kuvuka bila ruhusa yake. Alikuwa akitania, lakini ndugu yangu hakuwa mtoto wa kutaniwa juu ya Mama. Rangi ilimtoka.

"Na Mama je?"

"Mama yako yumo mjini mwangu. Ukimtaka, nitegee nishindwe."

 Kutoka Waa mpaka Likoni alibana midomo, jasho likamtiririka, mikono ikashika tumbo. Nilijua kinachokuja. Mungu ni shahidi, nilikwisha kulitandaza gauni langu jipya nimkingie matapishi. Gari lilikuwa limeshapanda feri alipofumbua mdomo kidogo.

"Kitendawili."

"Tega," tukaitikia, hata Baba.

"Nimempakia njiani, hakukaa kitini, na sasa ataka kushuka."

Shangazi alijibu nzi, siye. Mimi nikasema vumbi, silo. Baba, ambaye hakuwahi kucheza nasi, akasema njaa, akakosea pia.

"Haya, nimeshindwa," Shangazi akasema. "Chukua Mombasa yako."

Kujisifu ni ada, na ndugu yangu hakuiruka, ila aliharakisha: akaenda Mombasa, akamkuta Mama, Mama akampakata. Hapo akafungua mlango, akakimbilia ukingoni mwa feri, na jibu likaishia baharini.

Baba alimwahi, akamshika ukosi wa shati mpaka akamaliza. Akampangusa mdomo kwa leso yake, kisha akarudi garini na kupapasa kiti kwa kiganja, polepole, kila upande. 

"Pakavu," akasema. "Ijumaa mtakuja wote."

Nilipiga kelele mpaka abiria wakageuka. Ndugu yangu hakusherehekea. Alisimama mnyonge, akitazama ng'ambo, halafu akamwambia Shangazi kwa adabu kwamba akitaka mji anaweza kurudishiwa. Yeye anataka chumba cha Mama tu.