Kadi ya Kaka Yangu

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Nimesema hivyo miaka mingi, barazani, dukani, hata msibani, na haki ya kusema ninayo. Nimeishia darasa la nne. Nilianza kwa kuuza pweza wa kukaanga pale Nangurukuru, nikikimbilia madirisha ya mabasi na sinia mkononi. Leo ukitaka bati, nondo au saruji, kutoka hapo mpaka Kilwa Masoko, utapita kwangu kwanza. Nimetapeliwa na mtu niliyefuturu naye sahani moja. Nimeona maji yakibeba barabara, na lori langu limebaki ng'ambo na mifuko mia mbili ya saruji. Hesabu nimejifunza kwa kupunjwa, na hakuna aliyenipunja mara mbili. Kwa hiyo nilijiona mjuzi wa namna binadamu anavyovunjika, na kitu kinachomvunja.

Kaka yangu, kwa mfano, nilijua kilichomvunja ni vita.

Ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Aliingia jeshini mimi bado natembea peku. Alipelekwa mara mbili kulinda amani nchi ya jirani, na kila aliporudi alikuwa na maneno machache kuliko alivyoondoka nayo. Alipostaafu alirudi kijijini kwetu, ndani kidogo kutoka barabara kuu, akamalizia nyumba katikati ya mikorosho ya marehemu baba. Mwaka wa kwanza alikuwa mzima. Alipalilia, alicheka na watoto, alikwenda msikitini mapema akakaa safu ya mbele. Mwaka wa pili akaanza kukaa. Sijui niseme vipi ili nieleweke: alikuwa anakaa tu. Kiti cha plastiki, mgongo ukutani, uso mlangoni, tangu asubuhi. Tairi la pikipiki likipasuka barabarani, anakuwa amesimama kabla hajajua amesimama. Msikitini akahamia safu ya nyuma, karibu na viatu. Usiku, mkewe alisema, halali, anahesabu madirisha.

Watu walisema lao. Mmoja alisema amerudi na kitu cha watu wa huko. Nikamwita shekhe, akamsomea siku tatu, na mimi nikachinja mbuzi. Kaka alikaa akasomewa kwa adabu zote, akaitikia amina, akarudi kwenye kiti chake.

Siku moja shemeji yangu, mke wa kaka, akaja dukani. Hakuwa na kawaida ya kuja. Alisubiri wateja watoke.

"Shemeji, zile dawa za mikorosho nimezihamisha."

"Umezihamisha kwa nini? Msimu wa kupulizia haujafika."

"Nimezipeleka kwa jirani." Alikuwa anatazama mizani ya misumari, hanitazami mimi. "Juzi kaka yako ameniambia kwamba mimi na watoto tungekula vizuri zaidi kwa rambirambi."

Akaendelea kidogo kidogo. Akasema si kila siku anakuwa hivyo. Akasema ni tarehe zile, pensheni ikikaribia kuingia ndipo anaacha kula. Anakwenda Masoko, anarudi na unga na sabuni, na siku tatu haongei. Haya yote aliniambia, na naapa alisema wazi. Lakini mimi nilishika neno dawa na neno rambirambi. La tarehe likanipita.

Kesho yake nikampakia kaka kwenye basi, tukaenda Lindi.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari alimwuliza mambo mengi, akampa vidonge vya kumsaidia kulala. Tulipokuwa tunatoka, nesi wa kitengo kile, kijana mpole, akatuambia kwamba kila Alhamisi kuna wanajeshi wastaafu wanakutana chumba cha nyuma. Wanazungumza na yeye nesi mwenyewe, na yuko mama mmoja mstaafu wa benki anayewashauri mambo ya fedha.

Nikamwambia, "Bwana nesi, ndugu yangu haumwi pesa. Anaumwa vita. Pesa mimi ninazo."

"Leo ndiyo Alhamisi, nendeni mkasikilize tu, baba," alisema. "Wengine hapa tumewapa dawa ya usingizi miezi mingi, kumbe kinachowaamsha ni meseji ya benki."

Nilikwenda kwa sababu kaka alikwishakwenda. Aliposikia neno wanajeshi, miguu yake iligeuka yenyewe.

Walikuwa wazee saba kwenye mabenchi, na yule mama kwenye meza ndogo, ushungi mweupe, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuonyesha pa kukaa. Nilitegemea atamwuliza kaka kuhusu huko alikokwenda, aliona nini, nani alikufa. Nilishajiandaa kulia kidogo. Yeye akafungua daftari, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Baba, kadi yako ya benki iko wapi?"

Kaka akatazama mlango.

"Iko kazini," alisema.

Wale wazee wakacheka, kicheko kifupi cha watu wanaojuana. Mmoja mwenye mguu mgumu akasema, "Ya kwangu nayo ilikuwa kazini, afande. Miaka miwili haikupata hata likizo."

"Ya kwangu ilipandishwa cheo," alidakia mwingine. "Ilianza kwa kushikwa na mkopeshaji, ikaishia kushikwa na mke wa mkopeshaji."

Mimi sikuelewa. Ilibidi mama anifafanulie kama mtoto. Mstaafu anabanwa na shida ndogo, ada au msiba. Anakwenda kwa mtu anayekopesha mtaani. Mtu yule hataki hati ya nyumba wala ng'ombe, anataka kadi ya benki na namba ya siri. Pensheni ikiingia, anaitoa yeye, anakata chake na riba yake, na mwenye pensheni anasimama pembeni ya mashine akisubiri apewe kinachobaki. Mwezi ujao hakimtoshi, anakopa tena palepale. Watu huku wanaiita kausha damu.

Kaka yangu, aliyebeba silaha ya serikali miaka ishirini na zaidi, kila mwezi alikuwa anasimama nje ya benki ya Masoko amekunja mikono, akimsubiri mkopeshaji wake, muuza simu wa mtaani, ampe pesa ya unga. Aliyasema haya yeye mwenyewe pale, kwa maneno yasiyozidi kumi na tano, akitazama mlango.

Mimi nikafanya ninachokijua. Nikasimama, nikatoa bahasha.

"Mama, andika jumla hapo, mimi nalipa leo tuondoke. Huyu ni ndugu yangu. Mimi nimeanza na pweza, sikuomba mtu, sikukopa mtu, na Mungu kanijalia."

"Raia, kaa chini," alisema yule wa mguu mgumu. "Hapa hakuna mnada."

Mama hakucheka. "Baba, rudisha bahasha mfukoni. Hapa hatuanzi na kulipa, tunaanza na kuandika. Ukimlipia leo bila yeye kujua aliingiaje, mwakani kadi itarudi kazini." Akachora mstari katikati ya ukurasa. "Huku tunaandika unachodaiwa. Huku, unachodai."

Unachodaiwa kilikuwa rahisi. Laki nane alizokopa kwa ada ya binti yake wa chuo, zimezaa na kuzaa mpaka zimefika milioni mbili na ushee.

"Unachodai?"

"Sidai mtu."

"Kiinua mgongo chako kilikwendaje?"

Akataja. Bati na mbao za nyumba. Harusi ya mwanawe wa kwanza. Kisima. Mama akawa anaandika na kujumlisha pembeni kwa penseli, na mimi, ambaye hesabu za kichwa hazinipigi chenga, nilikuwa najumlisha pia. Nikaona kabla yake kwamba haifiki.

"Kuna kiasi hakijatajwa, baba."

"Nilimpa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu."

"Afande," mwingine akamtania kwa upole, "hata mateka hutaja jina lake na namba yake."

Kaka hakutabasamu. Alikuwa hanitazami. Katika chumba kile kizima, alitazama mlango, dirisha, meza, viatu vya watu, na mahali pekee ambapo macho yake hayakupita ni pale nilipokaa mimi.

Hapa inabidi nieleze, maana msomaji wa kwingine anaweza kushangaa. Kwetu mkubwa hamdai mdogo. Pesa ikitoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake haiandikwi. Kuiandika ni kama kumtakia kifo, ni kusema siku moja nitahitaji ushahidi juu yako. Kaka alipopata kiinua mgongo alikuja dukani, akanikuta nimekwama nusu ya bei ya lori, muuzaji anataka kumpa mwingine. Akatoa milioni sita, taslimu, ndani ya mfuko wa rambo. Akasema, "Ukipata, utapata." Na mimi nilipata. Nilipata sana. Na kwa kuwa haikuandikwa, miaka ilivyokwenda ikaacha kuwa pesa yake ikawa baraka, kisha ikaacha kuwa hata baraka. Nilikuwa nahadithia lori lile mbele za watu, yeye akiwepo, nikisema sikuomba mtu. Ndivyo nilivyosema harusini kwa mwanawe. Yeye alikuwa anasikiliza na kunywa chai.

Ada ya binti ilipofika, angeweza kunitumia ujumbe wa maneno matatu tu. Akaona bora ampe mgeni kadi yake kuliko kumwaibisha mdogo wake kwa kumkumbusha.

Na bado alikuwa ananilinda. Amefikia kutamani kunywa dawa iliyokusudiwa mikorosho, na bado hataji jina.

"Ni mimi," nikasema.

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kiasi gani, baba?"

"Milioni sita. Za lori."

Akaandika upande wa pili wa mstari. Kaka akasema polepole, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu tukiwa watoto, "Mdogo wangu, hukulazimika." Kisha akainamisha kichwa na mabega yake yakaanza kutikisika, na yule wa mguu mgumu akahama benchi, akaja akakaa upande wake wa mlangoni, akauziba kwa mwili wake, kana kwamba anamwambia mlango nimeushika mimi, wewe pumzika.

Nilirudi Nangurukuru nikakuta fedha zangu zote ziko kwenye bati na saruji. Nikauza kiwanja changu cha Masoko, kile nilichokuwa nikiwapitisha wageni wakione, nikamkabidhi kaka milioni zake sita. Nilitaka kwanza niende kwa yule muuza simu na vijana wa kupakia saruji. Mama akanikataza. Akasema kadi ni ya benki na ya mwenye akaunti, mkopeshaji hana haki ya kuishika, lakini pesa iliyokopwa ilikopwa kweli. Akamwelekeza kaka, si mimi, aende benki mwenyewe, afunge ile kadi, apewe mpya na namba mpya. Kisha tukakaa mbele ya mtendaji wa kata. Muuza simu alikuja na karatasi zake, akaulizwa leseni ya kukopesha, akakosa. Hesabu ikashuka mpaka milioni moja na laki moja, kaka akalipa mwenyewe kutoka zile sita, akasaini. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu.

Sitadanganya kwamba amepona. Tairi likipasuka bado anasimama. Vidonge bado anavimeza, na nesi anasema vita ni vita, daftari halivifuti. Lakini anakula tarehe zote za mwezi. Anatoa pensheni yake mwenyewe, anaigawa katika bahasha nne kama alivyofundishwa, na moja ameiandika kwa mkono wake: ya watoto kucheka. Shemeji amerudisha dawa za mikorosho, maana msimu umefika, na ni kaka anayepulizia.

Alhamisi tumekwenda nane, yeye na mimi. Mara ya mwisho mama aliwaambia wazee kwamba safari hii mwenye kusimama kutoa hesabu ya deni alilomaliza, kama ilivyo desturi pale, si mstaafu. Nikasimama. Nilidhani nitatoa hotuba, nina hotuba nyingi. Kaka akanyoosha mkono kama mwanafunzi, na mbele ya watu wote akaniuliza swali la pesa, la kwanza tangu nizaliwe.

"Bwana mdogo, imekugharimu kiasi gani, yote kwa yote?"

"Niseme kweli?"

"Raia, taja," akasema wa mguu mgumu.

Nikahesabu kwa sauti, sikuacha kitu. Zile sita zilizokuwa zake, nauli za watu wawili kwenda na kurudi Alhamisi nane, laki tatu na ishirini elfu, na dawa, elfu thelathini na saba na mia tano. Kiwanja sikukitaja, kwa kuwa ndicho kilicholipa zile sita, wala mbuzi wa kisomo, maana yule nilimchinja ili watu wasiniulize nimemfanyia nini kaka. Mama akajumlisha kwa penseli, nami nikawahi kumaliza kichwani, nikaitaja mbele ya kaka yangu: shilingi milioni sita, laki tatu, hamsini na saba elfu na mia tano.