Nani Hujenga Nyumba

Jana Jumanne, saa kumi alasiri, mdogo wangu Hodan alirudi kutoka chekechea akilia. Mwalimu aliuliza nani hujenga nyumba, Hodan akajibu, "Hooyo," yaani mama. Darasa likamcheka.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Mimi pia nilichekwa hivyo nikiwa na umri wake. "Mama hupika, fundi hujenga," niliambiwa. Siku ile niliporudi nilimkuta mama akikunja miti ya aqal yetu, nyumba ya miti na ngozi, mikono ikinuka moshi na ngozi.

"Hooyo, fundi wetu huja tukilala?"

"Fundi gani, wewe? Fundi si ndiye huyu!"

Kwetu aqal hujengwa na wanawake. Mwalimu angeuliza tu!

Leo asubuhi nilimpeleka Hodan darasani. Nilisema: "Mwalimu, Hodan alijibu sawa. Waambie waliomcheka."