Mama Shii Anyamazishwa

Watu walimwita Mama Shii, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mtunza sakristia: alifua vitambaa vya altare, akajaza mafuta taa nyekundu ya tabernakulo, kisha akajitwika kazi ambayo hakupewa na mtu, ya kunyamazisha watu. Mtoto akikohoa, shii! Mjane akilia kwa kwikwi, shii! Wanakwaya hawakutaka hata kumwona, naye akaringia chuki yao.

Nyumbani nako kulikuwa kimya, ila kimya cha namna nyingine. Mumewe, seremala mstaafu, alikuwa amecheka kwa sauti kwenye misa ya kumzika mama mkwe. Masikio yake yalichoshwa na misumeno ya umeme. Padri aliposema marehemu "ametutoka", yeye alisikia "ametutoroka". Alijieleza, akaomba radhi, wapi! Mama Shii akanuna. Akampakulia bila neno, akamfulia bila neno, mwaka ukakatika.

Ijumaa moja, wakati wa kuabudu Ekaristi, watu wakiwa wamepiga magoti, mzee akaanza kusali. Alidhani ananong'ona, maskini. Sauti yake ilifika hadi mlangoni.

"Bwana, wengine wakipaza sauti nawasikia. Mke wangu tu ndiye simsikii. Tangu tumzike mama yake, sijasikia hata neno lake moja. Kama ni adhabu ya kile kicheko, basi imetosha. Nirudishie sauti yake, hata iwe ya kunigombeza."

Mama Shii alikuwa keshafika, kidole mdomoni, hasira zimempanda. Vichwa vyote vimegeuka. Aibu gani hii! Akamwinamia.

"Shii!"

Mzee akaitazama ile midomo, machozi yakamlengalenga.

"Umeona, Bwana? Anaongea, na mimi sisikii kitu!"

Angeweza kumshika mkono akamtoa nje. Wengine aliwatoa kwa makosa madogo zaidi. Angemwacha aendelee kuamini kwamba Mungu ndiye aliyemziba masikio, na jina lake yeye likabaki safi. Lakini roho yake mbaya ilimchukiza ghafla kuliko kelele zote alizowahi kuzikomesha. Akaweka mdomo sikioni kwa mumewe.

"Nilinuna!" akapiga kelele, mbele ya Sakramenti na kanisa zima. "Hunisikii kwa sababu sisemi, mume wangu! Nilikuwa nimenuna!"

Kwenye benchi la wanakwaya, mtu akasema, "Shii!"